Fomu 11 kwenye droo ya Mzee

Mwaka 2024 mwezi wa tatu, Jumatano kama saa nne asubuhi hivi, binti yetu wa ofisini alikuwa anatafuta stepla. Ya kwake imeisha pini, ya mapokezi haionekani, akaenda kufungua droo ya Mzee maana Mzee mwenyewe katoka na baiskeli kwenda posta. Stepla hakuikuta. Alikuta bahasha ya kaki, ndani fomu 11 za wateja, zote zimesainiwa chini, juu hazijajazwa kitu, jina tu la mteja limeandikwa kwa penseli pembeni.

Kwa ambaye hajafanya kazi yetu nieleze kidogo. Sisi tunashauri watu mambo ya uwekezaji, hatifungani (unaikopesha serikali au taasisi nayo inakulipa riba mpaka ikurudishie pesa yako), hisa, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, namna ya kupanga mafao ya kustaafu, na mteja akishaamua ndo tunamsaidia makaratasi mpaka kwa dalali wa soko la hisa au benki. Fomu iliyosainiwa tupu maana yake mteja kakukabidhi kalamu na pesa yake kwa pamoja, unaweza ukaandika nunua, unaweza ukaandika uza, kiasi chochote utakacho, na sahihi ni ya kwake. Ni kosa. Yeyote aliyepita kwenye kozi na mitihani ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji analijua hilo, na binti yetu alikuwa na miezi minane tu tangu afaulu, kila kitu bado kibichi kichwani.

Akaja nazo mpaka mezani kwangu, wateja wawili wako kwenye benchi, kijana wa fildi anaangalia, akasema kwa sauti, "Dada, hii ni kesi." Na Mzee ndo anaingia, kofia mkononi, anafuta jasho. Akaiona bahasha yake. Hakusema neno. Aliichukua taratibu mkononi mwa binti, akairudisha kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akatoka akapanda baiskeli akaondoka. Wiki mbili hakukanyaga ofisini, na simu alikuwa anapokea ya Bi Mkubwa wa mapokezi peke yake.

Hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwaka ndo leo naliandika, kwa sababu naona ofisi nyingi ndogo kama yetu zinavunjikia hapohapo, halafu watu wanasema wazee na vijana hawaelewani basi, kama vile ni mvua imenyesha hakuna wa kuulizwa.

Mi niko katikati, nina miaka 41. Mzee ananiita mwanangu, vijana wananiita dada, na ikitokea mgogoro kila upande unanijia mimi kama vile niko upande wao. Mzee alianza kazi benki mwaka 1979, enzi zile mtu wa kawaida ukimwambia benki anajua ni Benki ya Taifa ya Biashara, hamna ya kuchagua. Alipotoka huko akaja kuanzisha hii shughuli hapa Tanga, Ngamiani kwenye zile barabara zetu za namba. Soko la hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL ya gesi, yeye anakumbuka. Mwaka 2002 kampuni ya saruji ya hapa kwetu ilipoingia sokoni alikuwa anapanda daladala jioni mpaka Pongwe kuwaeleza wafanyakazi wa kiwandani hisa ni mdudu gani. Wengi hawakumwelewa, wachache walinunua, na hao wachache mpaka leo wakimwona barabarani wanashuka kwenye baiskeli wamwamkie.

Wateja wake ndo wa namna hiyo. Walimu wastaafu, manesi waliokuwa Bombo, watu wa bandari, wakulima wa machungwa wa Muheza, mabibi wa Pangani wenye minazi yao. Wote wamo kwenye kaunta buku moja la kwaya nne, kingo zimechakaa, kila mteja na ukurasa wake, na sio pesa tu zilizoandikwa humo. Kuna "mkewe anaumwa sukari", kuna "asipigiwe Ijumaa mchana", kuna "mtoto wa kwanza hawaelewani, usimtaje". Binti kwa upande wake ana wateja wake, vijana wenzake wa Chumbageni na Raskazone na wengine wako Dar huko, wananunua hisa kwa simu kwenye Hisa Kiganjani, wanauliza maswali saa tano usiku kwenye WhatsApp na anawajibu. Hao kawaweka kwenye jedwali la Excel lenye paswedi anayoijua yeye. Yani ukitazama vizuri walikuwa wanafanya kitu kilekile, kila mmoja kafungia wateja wake mahali ambapo mwenzake hafiki.

Sasa zile fomu. Bi Mkubwa ndo alinieleza, maana yeye yupo tangu mwanzo. Wale watu 11 wote wanakaa mbali, Pangani, Maramba, Lushoto huko milimani. Kuja mjini kusaini karatasi moja ni nauli na siku nzima imepotea, na mnada wa hatifungani za serikali haukusubiri wewe upate nauli. Kwa hiyo walikuwa wakija mjini kwa shughuli nyingine wanapita wanamwambia Mzee, we tuwekee hapa sahihi, ukifunguliwa mnada tupigie. Anapiga, wanamtajia kiasi, anajaza. Miaka yote hiyo hakuna hata shilingi iliyopotea. Kwake yeye ile bahasha ilikuwa amana, na mtu wa pwani akisema amana anamaanisha kitu ambacho atakwenda kuulizwa siku ya mwisho. Halafu mtoto wa juzi anaishika mbele ya watu anasema kesi.

Na binti naye hakukosea. Mzee ana miaka 67. Akianguka na ile baiskeli barabarani kesho, Mungu apishe mbali, zile fomu zingeokotwa na nani? Mwizi gani asingezifurahia? Amana ya mtu mmoja inakufa na mtu mmoja. Nilimwambia binti jambo ulilosema ni kweli tupu ila mahali uliposemea ndo pabaya, ungekuja ukafunga mlango. Akalia. Akaniambia, dada mi sikutaka kumdhalilisha, niliogopa, nilijua wakija wakaguzi wakazikuta nani atakayeamini kwamba mi sijui. Hilo sikuwa nimelifikiria. Yeye ndo mwenye leseni changa, miaka 30 mbele yake ya kazi, kashfa moja tu na jina limechafuka kabla halijajulikana.

Kipindi chenyewe kilikuwa kibaya kwetu. Ndo wakati Tanga Uwasa, mamlaka yetu ya maji, wanauza ile hatifungani ya kijani, yani ya miradi ya mazingira, shilingi bilioni 53.12 wanatafuta, miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Mji mzima unaiongelea kwa sababu ni mambo ya maji, watu wanajua bwawa la Mabayani liko wapi, wanajua maji yakikatika inakuwaje, kwa mara ya kwanza watu ambao neno hatifungani lilikuwa linawapita wanaingia wenyewe ofisini wanauliza. Na wanamuulizia Mzee. Binti ndo aliyesoma waraka wote wa toleo mpaka mwisho, anajua kila kipengele, anasimama, shikamoo mama karibu, na mama anamtazama anasema mwenye ofisi yuko wapi, nitarudi. Niliwahesabu wale waliosema nitarudi, walifika 14, waliorudi wanne.

Nikaitisha kikao. Nikampigia magoti Mzee kupitia kwa Bi Mkubwa akaja, tukakaa sote sita, nikawa nimeandika ajenda, "mawasiliano baina ya vizazi ofisini". Kilikuwa kikao kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuendesha. Mzee akasema vijana wa siku hizi. Kijana wa fildi akasema wazee wetu hawapendi mabadiliko. Ikawa kila mtu anamjibu mtu ambaye hayupo mle chumbani, maana binti yule anaamkia mpaka paka, na Mzee anatumia simu vizuri tu, anamtumia mjukuu wake aliye Uarabuni pesa bila kumuuliza mtu. Saa mbili zimeisha hatujagusa zile fomu 11. Wakati tunakunja viti Bi Mkubwa akaniambia polepole, mwanangu we achana na hayo mavikao, zile fomu si lazima zirudi kwa wenyewe? Basi waende nazo wote wawili.

Ndo ikawa hivyo. Nilimwomba Mzee awarudishie wateja fomu zao kwa mkono wake, kwa heshima, na wajaze mpya mbele yao palepale kama inavyotakiwa, na binti aende naye kushika makaratasi. Mzee alikubali nadhani kwa sababu ilikuwa amana na amana inarudishwa.

Wakaanza na Bweni. Unafika Pangani mjini unavuka mto na kivuko ndo uko Bweni. Kuna bibi mmoja pale ana vipande vya mfuko wa Umoja tangu miaka mingi, na hatifungani kidogo. Binti alinisimulia jioni ile na Mzee akanisimulia kesho yake, nikaziunganisha. Walipofika bibi alimkumbatia Mzee (kwa maneno, si kwa mikono), akaleta madafu, akaambiwa habari ya fomu akakataa katakata. Mi nilikupa wewe, ya nini kunirudishia, nimekukosea nini? Mzee akajieleza akashindwa. Binti amekaa kwenye mkeka kimya, kalamu mkononi. Halafu akasema, "Bibi, na mimi nina swali, hivi ukinikimbia leo usiku hivi vipande nikamdai nani?"

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho na upande wa kanga. Akamjibu, "We mwana we, wanitakia mauti nikuachie mume?" Wakaanza utani pale, wa bibi na mjukuu, ule ambao kila mmoja wetu kalelewa nao, mjukuu anamwambia bibi yake lini unakufa nirithi nyumba na bibi anamjibu nakwenda na wewe kaburini. Katikati ya kicheko kile bibi akanyamaza ghafla akasema, wallahi hakuna anayejua. Watoto wake watano, wawili Dar, mmoja Mombasa, hakuna hata mmoja anayejua kwamba mama yao ana kitu chochote zaidi ya minazi na nyumba. Akajaza fomu mpya zote, akamtaja na mtoto wa kuandikwa, na simu yake akaitoa kwenye pochi akampa binti aziandike namba.

Kwenye kivuko wakati wa kurudi Mzee hakusema kitu mpaka katikati ya mto. Halafu akamwambia binti, lile swali mimi nimeshindwa kumuuliza miaka 15. Sisi ni rika moja, tulicheza pamoja, nikimuuliza ukifa itakuwaje ni kama namchimbia.

Mi hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho kile kikao changu na ajenda yake kisingenipa kamwe. Kwenye kazi yetu umri ni kama funguo. Kuna mlango mzee anaufungua, mteja akimwona tu anakaa, anamwaga ya moyoni. Na kuna mlango mwingine mzee hawezi hata kuugusa ila mtoto wa miaka 25 anaupiga teke kwa utani unafunguka. Kuanzia hapo tukaweka utaratibu mmoja tu, hakuna mteja wa mtu mmoja. Mteja wa kwanza kuja au mteja mwenye uamuzi mkubwa anakaa na watu wawili, na hao wawili wasilingane umri. Mmoja anaongoza mazungumzo, mwingine anaandika na ana haki ya kuuliza swali lolote mwishoni. Na anayeongoza anabadilika, sio kila siku Mzee anaongea na binti anaandika kama karani wake, maana mwanzo ilikuwa inaelekea hukohuko, ikabidi nisimamie.

Mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka uliofuata mwanzoni alikuja mwalimu mmoja mstaafu, kakaa darasani miaka 36, kapokea mkupuo wake, ile sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja. Watu wa mafao wanajua historia ya hiki kikokotoo, hesabu ya kugawa mafao, kile cha Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, kelele zikawa nyingi, 2024 serikali ikapandisha ikawa 40 kwa wale watumishi ambao zamani walikuwa wanapata 50. Mwalimu kaja na hasira zake, 50 ile ndo ilikuwa kichwani kwake miaka yote anajenga nyumba kwa mawazo. Siku hiyo anayeongoza ni binti. Akafungua laptopu akaanza, kuponi, mnada, bei ya soko. Mwalimu anatazama ukutani. Mi niko meza ya pili naona kabisa anatafuta namna ya kusema nitarudi.

Mzee akauliza tu, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" Kwetu Kigombe, baba alikuwa mkata mkonge. Basi hapo wakaenda na mkonge nusu saa, kambi, mbio za kengele, posho, nyumba za mabati. Binti anaangalia saa, ana mteja mwingine, nikamkonyeza tulia. Halafu Mzee akasema, haya binti hebu mpe hesabu ya milioni 10. Binti akampa, hatifungani ya serikali ya miaka 25, tuseme riba ni asilimia 12.56 kwa mwaka, kila miezi sita unapata shilingi 628,000, kwa mwaka 1,256,000. Mzee akamgeukia mwalimu, huo ni mkonge mwalimu. Unapanda, unakata majani, unakata tena, shina huligusi. Sasa mkonge wenyewe mwisho unatoa mlingoti unakufa, huu mwisho wake wanakurudishia ile mbegu yako milioni 10 nzima. Mwalimu akageuza kiti akaitazama laptopu kwa mara ya kwanza.

Na hapo binti akaleta lake, ambalo Mzee kwa kweli huwa analiruka. Akasema kwa adabu kabisa, mwalimu una miaka 60, ukiongeza 25 ni 85, hiyo mbegu utairudishiwa wewe au wanao? Na katikati ukipata shida unaweza kuiuza hatifungani sokoni lakini bei siku hiyo inaweza kuwa juu au chini, hakuna wa kukuahidi. Mzee akakaa kimya, nikaona anafikiri, akasema binti kasema kweli. Wakagawa, sehemu hatifungani, sehemu mfuko wa ukwasi ambao ukihitaji unatoa ndani ya siku chache, na sehemu mwalimu akabaki nayo kwa ajili ya paa. Kama angekaa na mmoja tu kati yao angeondoka na nusu ya ushauri.

Nimeona hili likishindikana pia, nisiseme ni asali tupu. Lililotusumbua kuliko yote ni kamisheni. Mteja akiwa wa watu wawili, ya nani? Mzee alisema mi nimemlea huyu mteja miaka 20, huyu kaja kuandika namba za simu. Binti akasema yeye ndo anajibu usiku, ndo anayefuatilia malipo. Miezi mitatu walikuwa wanakaa pamoja mbele ya mteja vizuri kabisa halafu mteja akitoka hawasemezani. Na hapa naomba wenye ofisi wanisikilize, mkiwaambia watu washirikiane halafu malipo mkayaacha vilevile mmewaomba watu watoane riziki kwa upole. Tulichofanya, mteja wa zamani wa Mzee akifanya jambo jipya, Mzee anapata kubwa na msaidizi anapata ndogo, mwaka unaofuata sehemu ya msaidizi inaongezeka, mwaka wa tatu wanalingana. Na mteja kijana aliyeletwa na binti, Mzee akikaa naye anapata kidogo vilevile kwa mpango huohuo. Tuliandika kwenye karatasi moja, tukasaini sote, na safari hii juu palijazwa.

Na si kwamba wazee ndo wanafunzwa tu. Kijana wetu wa fildi aliwahi kutupia picha za vitambulisho vya NIDA vya wateja watatu kwenye grupu la ofisi ili mwenzake azijaze haraka. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, Mzee alimwuliza swali moja, kaunta buku langu umewahi kuliona limelala kwenye meza? Hajawahi. Linafungiwa kila jioni. Zile picha zikafutwa na hatujarudia.

Halafu siku moja huyohuyo kijana alikuwa anawaonyesha wenzake mpango fulani wa mtandaoni, unaweka laki unavuna laki mbili baada ya wiki, kuna mtu wa mtaani kwao kapata kweli. Mzee hakumfokea. Alikwenda kuleta kaunta buku, akafungua kurasa za mwaka 2009, akamwonyesha mistari. Mwaka ule kulikuwa na ule upatu mkubwa wa kupanda na kuvuna ambao serikali iliufunga, na kwenye kurasa zile kuna watu tisa waliokuja kutoa pesa zao wakapande kule. Pembeni ya kila jina kaandika walichosema. "Jirani yake kavuna." "Shemeji yake kavuna mara mbili." "Mkewe ana uhakika." Kijana akasoma zote tisa. Mi sidhani kama kuna semina yoyote ya utapeli wa mtandaoni ingemfikia kama ule mwandiko wa peni ya bluu.

Kitu kimoja kidogo kilichotusaidia sana ni sauti za WhatsApp. Mzee hapendi kuandika, vidole vinatetemeka na herufi ni ndogo, lakini kuongea anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Sasa akitoka kwa mteja anarekodi, fulani bin fulani kasema hivi, ana wasiwasi na hivi, anatuma kwa binti tu sio kwenye grupu, binti anaingiza kwenye faili la mteja. Vilevile riba zikilipwa binti anaandaa hesabu na Mzee anawatumia wale mabibi na mababu kwa sauti yake, "Assalaam alaikum, riba yako imeingia jana." Wanaisikiliza mara tatu tatu, wanawasikilizisha na majirani.

Fomu 10 zilirudi kwa wenyewe mpaka mwezi wa nane. Ya 11 ilikuwa ya mzee mmoja wa Lushoto ambaye simu yake ilikuwa haipatikani muda mrefu. Mzee alikuwa anasema atakuwa kabadilisha laini. Mwezi wa tisa wakapanda gari, Mombo, wakakwea mlima, wakaulizia kijijini, wakaonyeshwa nyumba. Alikuwa kafariki miaka miwili nyuma. Na sahihi yake bado iko kwenye bahasha ya kaki pale ofisini, chini ya karatasi tupu.

Mzee alikaa barazani pale akaomba dua, akawapa pole wajane na watoto kama msiba ni wa jana, na kwake ulikuwa wa jana kweli. Hakuna aliyejua habari ya uwekezaji. Mtoto mkubwa alidhani ni matapeli, akawauliza mnataka shilingi ngapi, na Mzee hakukasirika, alifungua kaunta buku akamwonyesha ukurasa wa baba yake, tarehe ya kwanza kabisa, na maneno aliyoyaandika siku hiyo, "anaweka kwa ajili ya shule ya kitindamimba". Kitindamimba alikuwa amesimama mlangoni, ndo yuko kidato cha nne.

Kisha binti akatoa daftari lake akawaeleza hatua, mchana mzima. Kikao cha ukoo na muhtasari wake, cheti cha kifo, kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, tangazo, msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kukusanya, kugawa na kurudisha hesabu mahakamani, ndipo barua ya mahakama inakuja kwetu na tunaifikisha panapohusika. Aliwaambia mara mbili kwamba sisi hatuwezi kumpa mtu yeyote chochote kabla ya hapo, hata angekuwa mjane mwenyewe. Ile fomu ya 11 Mzee aliichana mbele yao vipande vinne, akawapa vile vipande wavishike wao.

Mirathi bado iko mahakamani, kulitokea mzozo wa shamba wakachelewa. Mzee anampigia yule mtoto mkubwa kila Jumatatu. Juzi nilikuwa natafuta namba yake nikafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa marehemu, chini ya mwandiko wa Mzee kuna namba tatu za simu, ya mtoto mkubwa, ya mjane, ya yule wa kidato cha nne, na zimeandikwa kwa mwandiko wa binti. Nikageuza kurasa nyingine. Mpaka herufi M keshafika.